Mti Uliovikwa Joho

Mwanangu,

Barua yako imefika, nikamsomea na mama yako. Umeuliza mawili: je, ni shirki kuandamana na watawa wa Kibudha huko Chiang Mai, Thailand, kwenda kuuvika mti joho lao? Na utashirikiana vipi na watu wa dini hiyo baada ya yaliyowapata ndugu zetu Warohingya, Waislamu wa Myanmar?

La kwanza ni jepesi. Mti hauabudiwi pale. Novemba 1988 mvua kubwa ilinyesha kusini mwa Thailand, milima iliyokwisha kunyolewa miti ikaporomoka, magogo yakaangukia vijiji na mamia wakafa. Januari 1989 serikali ikapiga marufuku ukataji wa kibiashara katika misitu ya asili, ila misumeno haikunyamaza. Ndipo watawa kama Phrakhru Pitak wa mkoa wa Nan wakatumia heshima waliyo nayo: shina likishafungwa joho, mkataji aliyelelewa kuwastahi watawa anasita kuinua shoka. Pitak akaweka na kibao kwamba kuharibu msitu ni kuharibu uhai. Wapo Wabudha waliong'aka kwamba mti unafanywa mtawa, wakisema utawa ni wa binadamu tu, ila wenye shughuli hawadai kuwa mti umegeuka mtawa. Sisi wa Kilifi, ambao misitu yetu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, imelindwa na miiko ya wazee, tutawashangaa kwa lipi?

Wala si maigizo. Phra Prajak alisimama na wanakijiji wa msitu wa Dong Yai, Buriram, waliokuwa wakihamishwa ili ipandwe mikaratusi, akakamatwa mwaka 1991. Phra Supoj, aliyepinga uvamizi wa ardhi ya kituo chao wilayani Fang, huko huko mkoani kwako, aliuawa mwaka 2005. Kwa hiyo ukienda, uwe macho.

La pili linaniuma. Warohingya zaidi ya 700,000 waliikimbia Myanmar kwenda Bangladesh kuanzia Agosti 2017, na kabla ya hapo mtawa Wirathu wa Mandalay, mji wa huko huko Myanmar, alikuwa akihubiri chuki dhidi ya Waislamu waziwazi. Lakini Myanmar hiyo hiyo, mwaka 2007, watawa kwa maelfu waliandamana dhidi ya wanajeshi. Na Kambodia kulikuwa na mzee Maha Ghosananda: Khmer Wekundu, wakomunisti waliotawala nchi hiyo kwa mauaji, walimmalizia jamaa zake, naye kuanzia 1992 akaongoza matembezi ya amani katika nchi iliyojaa mabomu ya ardhini. Wote hao nguo yao ni moja. Hao wa kwako ni wa upande gani, mimi niliye mbali siwezi kukuamulia.

Nenda na jembe lako. Chimba mashimo, beba miche, tia maji. Wakianza ibada yao, jitenge kwa adabu, na saa ya sala ikifika waage ukasali. Baadaye, mkinywa chai, waulize bila kuzunguka wanasemaje kuhusu Warohingya. Niandikie walichokujibu.

Baba yako,
Kilifi