Mnaoniuliza gemu la stori na mafumbo linaanzia wapi, haya kaeni

Juzi dada mmoja wa Muheza kanitumia meseji ndefu, anataka kutengeneza gemu la stori kama zile za Wajapani, mambo ya sayansi ya kubuni, mafumbo humo humo, ila kuandika programu za kompyuta hajui. Dada yangu nakujibu hapa wote wasikie, maana najua mnaonisoma mnataka kitu hicho hicho hata kama mnajikausha.

Mimi kilichonichanganya ni gemu la 999 la Mjapani Kotaro Uchikoshi, ilitoka 2009 kwenye Nintendo DS, mimi nikaja kuicheza kwenye toleo la kompyuta. Watu tisa wamefungiwa ndani ya meli, kila mtu bangili yenye namba, milango nayo ina namba. Mnaingia watatu mpaka watano, mnajumlisha namba zenu, ikija tarakimu mbili mnajumlisha tena mpaka ibaki moja, na hiyo lazima ilingane na mlango. 5 na 7 na 8 ni 20, 2 na 0 ni 2, haya mlango wa 2. Hesabu ya watoto kabisa! Ila hesabu hiyo ndo inaamua nani anapita na nani anabaki, kwa hiyo kila ukijumlisha roho inakudunda.

Hilo ndo la kushika. Fumbo liwe ndani ya stori, ukilitoa stori ianguke.

Nikashusha Ren'Py, programu ya kutengenezea magemu ya stori, ni ya bure, inatumia lugha ya kompyuta ya Python lakini unaandika karibu kama tamthilia, jina la mtu, maneno yake, menyu ya kuchagua, kisha ruka uende sehemu fulani. Kujifunza kwenyewe sisimulii, kunachosha.

Gemu langu ni kituo cha utafiti chini ya bahari hapa Tanga, miaka mia ijayo, wanachunguza silikanti, yule samaki dunia nzima ilijua katoweka zamani na dinosaria mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, na sisi huku tuna hifadhi yake tangu 2009. Kuna daktari anahojiwa, anasema usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, asubuhi yake saa nne akasimama ufukweni Raskazone maji yamejaa mpaka ukingoni. Mchezaji aseme anaongea kweli au la.

Nikampa mjomba wangu, mvuvi, gemu hajawahi kushika maisha yake. Hakumaliza hata kusoma. "Mpwa, huyu mwongo. Mwezi mpevu ni bamvua, saa nne maji yamekupwa, watu wako miambani wanatafuta pweza. Yajae yatoke wapi?"

Bamvua ndo zile siku maji yanajaa sana na kukupwa sana. Aisee nilifurahi kuliko siku ya harusi.

Halafu nikapeleka kwenye mashindano fulani, jaji mmoja mbele za watu akasema fumbo halina mantiki, mchezaji atajuaje mambo ya maji. Watu wakacheka. Bado inaniuma sidanganyi, maana huyo huyo akikutana na fumbo la theluji kwenye gemu la nje anaingia gugo kimya kimya, ila bahari ya kwetu ndo haina mantiki. Tuache kudharau vya kwetu jamani, tunaandika stori za Tokyo wakati hata feri hatujapanda, mtapata wapi mafumbo ya kweli?

Nilichofanya nikaongeza bibi mmoja mapema kwenye stori, analalamika bamvua ya mwezi mpevu imeisha, saa nne asubuhi maji hayakupwi tena vile, maji mafu haya, yasiyojaa wala kukupwa sana, pweza hapati. Mistari minne tu. Asiyejua anajifunza, anayejua anatabasamu.

Kwa hiyo dada, fumbo liwe ndani ya stori, nimesema na narudia. Matawi ya stori usiyazidishe, kila chaguo unaloongeza lazima uliandikie mbele. Laptopu yako ya ramu giga 4 inatosha, Ren'Py haina njaa. Andika chumba kimoja kwanza, fumbo moja, toa toleo la simu za Android, mpe mtu asiyecheza magemu kabisa, usimsaidie hata kwa jicho. Akikwama nitumie hiyo sehemu tuiangalie.