Utingo kaniambia ni bawasiri

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 49, naendesha lori kati ya Dar na Tunduma. Huu mwezi wa pili, kila nikienda haja kubwa damu nyekundu inadondoka mwishoni. Maumivu sina. Utingo wangu kasema ni bawasiri, akaninunulia dawa ya mizizi Makambako. Chupa imeisha, damu haijakata. Siku hizi choo kinatoka chembamba, naenda mara tatu asubuhi na bado nahisi sijamaliza. Mgongo nautuliza kwa diklofenaki karibu kila siku. Hospitali naona haya.
Dereva, Mbagala

JIBU: Marahaba, ndugu dereva. Utingo wako huenda kapatia nusu. Damu mbichi inayodondoka baada ya choo, bila maumivu, mara nyingi ni bawasiri, na kazi yako inaikaribisha: kukaa saa nyingi, kubana haja mpaka uvuke mzani, kunywa maji kidogo ili usisimame njiani. Ungekuwa umechanika njia ya haja kubwa, ungesikia kama wembe unapita.

Ila barua yako nimeirudia kwa sababu ya hicho choo chembamba na haja isiyoisha. Bawasiri kwa kawaida haifanyi hivyo. Kwa umri wako, lazima tuhakikishe hakuna uvimbe kwenye utumbo mpana. Na mtu anaweza kuwa na vyote viwili, bawasiri na uvimbe. Ndiyo maana hata ikionekana bawasiri, usikubali kurudishwa na mrija wa dawa ya kupaka tu.

Nenda wiki hii, kabla ya safari. Kuhusu haya: utalala ubavu wa kushoto, magoti juu, daktari atavaa glavu, atapaka mafuta, ataingiza kidole kimoja. Dakika haifiki. Wanaume wanaoingia kwangu wakikalia tako moja ni wengi, sijacheka hata mmoja. Utapimwa wingi wa damu, kisha uombe rufaa ya kolonoskopia, kamera inayopita ndani ya utumbo, Muhimbili wanafanya.

Diklofenaki acha leo. Inaweza kuchimba vidonda tumboni, na damu ya huko juu kwa kawaida haitoki nyekundu: choo huwa cheusi kama lami mbichi, kinanata, kinanuka vibaya. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo cheusi, lakini hakinati.) Najua vyoo vya njiani ni vya shimo na giza, basi washa tochi ya simu, na angalia karatasi. Ukiona lami hiyo, au mabonge ya damu, au ukasikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio, paki lori palepale, mwingine akupeleke hospitali saa hiyohiyo. Usiendeshe mwenyewe.

Hiyo chupa ya mizizi, kama hujaitupa, nenda nayo. Mwambie daktari ulikunywa kiasi gani.