Likizo ndefu, kitabu na bundi wa banda la kuni

Wiki ya kwanza ya likizo mwaka jana, bundi alitua kwenye banda letu la kuni, hapa Tukuyu. Mama akataka afukuzwe kabla hakujakucha, na mdogo wangu alishaokota mawe. Unajua bundi anavyosemwa: akilia darini, nyumba hiyo ina msiba. Niliomba tumwache usiku mmoja tu.

Asubuhi nilikuta chini ya boriti vidonge vya kijivu, vikubwa kama kidole gumba. Nikapasua kimoja kwa kijiti. Ndani mlikuwa na manyoya, mifupa membamba na fuvu la panya likiwa zima. Bundi humeza panya bila kumtafuna, kisha huyatapika yale yasiyomeng'enyeka. Nikampelekea mama kwenye jani la mgomba. Stoo tulikuwa na magunia mawili ya mahindi, na panya walikuwa wameshatoboa moja. Mama aliangalia lile fuvu kwa muda mrefu, halafu akamwambia mdogo wangu ayatupe mawe.

Mchana ule nilifungua kitabu cha ikolojia nilichokuwa nimekibeba kutoka chuoni bila kukigusa tangu Machi. Nilisoma sura nzima bila kusimama. Nasomea ualimu wa baiolojia na Kiswahili, na nakuambia kwa dhati: sura ile ilinikaa kichwani kuliko zote nilizokariri kwa ajili ya mtihani.

Kwa hiyo kama nawe unarudi nyumbani Julai, iwe Rungwe, Njombe au Mufindi, ushauri wangu mkubwa ni huu: usipange kusoma ukijifungia chumbani. Tafuta sehemu moja uani, ukae hapo kila siku saa ileile. Mimi nakaa kwenye mkeka chini ya mparachichi, nikitazama migomba. Siku tatu za mwanzo utaona kuku tu. Kuanzia siku ya nne, ndege wanakuzoea. Chozi wanakuja kunyonya maua ya mgomba hatua chache kutoka miguuni pako, na unaweza kufunua ukurasa bila wao kuruka.

Saa nayo ina maana yake. Likizo iliyotangulia ile ya bundi nilijipangia kuamka saa kumi na moja alfajiri nisome, nikashindwa ndani ya wiki. Julai huku ni ukungu na baridi inayogandisha vidole, na kukipambazuka kuna ng'ombe wa kukatiwa majani. Aliyenifundisha ratiba ni kinyonga wa kwenye ua wa matete. Asubuhi anakuwa mweusi, ameelekeza ubavu wake kwenye jua, hasogei. Rangi ile ya giza inamsaidia kunyonya joto. Ikifika saa nne amekwisha kuwa wa kijani na ameanza kuwinda nzi. Nami nikahamia saa nne mpaka saa sita: kazi za nyumbani zimepungua, jua limetoka, akili imeamka.

Vinyonga nawaombea sana. Wengi tumelelewa kuwaogopa na kuwapiga mawe, lakini hawana sumu na hawamfukuzi mtu. Ukipanda milima ya Uporoto kuna aina ambayo dume lake lina pembe tatu usoni, na jike linazaa watoto badala ya kutaga mayai. Mtoto akikuita uje uone kinyonga, weka kitabu chini uende naye.

Kuhusu idadi, piga hesabu kwa kurasa. Kurasa 20 kwa siku, kwa siku 60, ni kurasa 1,200. Hivyo ni vitabu vitatu au vinne vya kawaida, hata ukiwa umetoa wiki za mazoezi ya kufundisha. Mimi nachagua kimoja cha kozi, riwaya moja ya Kiswahili, na kimoja cha jambo nisilolijua kabisa. Mbeya mjini kuna maktaba ya mkoa, na Iringa vilevile. Pita huko kabla hujapanda gari la kijijini.

Simu iache ndani. Beba daftari. Andika tarehe, saa, hali ya hewa na ulichokiona, kisha umuulize mzee kinaitwaje kwa lugha ya nyumbani. Hili usilidharau. Mwaka 2003 watafiti walimwona kwenye Mlima Rungwe kima ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika popote, ilhali wawindaji wa Kinyakyusa walishamtaja. Mwaka 2005 akatangazwa duniani, na baadaye akapewa jina la kitaalamu Rungwecebus kipunji. Mlima wetu umo katika jina hilo, na neno la wazee wetu limo.

Si kila mgeni wa uani ni wa kumkaribisha. Nguchiro atakumaliza vifaranga; dawa yake ni banda lenye wavu usio na tundu chini. Usiingize mkono kwenye rundo la kuni bila kutazama, na usiku vaa viatu na shika tochi, maana kifutu hulala kimya njiani. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Mtulize, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, mwahishe hospitali.

Mwaka huu nafika nyumbani wiki ya pili ya Julai. Mama alipiga simu juzi kuniambia bundi amerudi, na safari hii wako wawili. "Njoo na vitabu vyako," akasema. "Boriti ile sijaigusa."