"General consensus of opinion" kwenye ripoti ya kikao cha wavuvi

Dogo, hapo ulipoandika "general consensus of opinion" kwenye ripoti ya kikao cha mwalo wa Kirumba, futa general, futa na of opinion, bakiza consensus, neno lenyewe tayari limeshabeba makubaliano ya jumla ya maoni so ukiongeza unarudia kitu kilekile. Weka hivi: "The fishers reached a consensus on net size." Inatosha kabisa.

Spelingi nayo, c ni moja tu ya mwanzo, zingine zote s, wengi wanachomeka c ya pili wakidhani limetoka kwenye census (sensa) kumbe limetoka kwenye neno la Kilatini consentire, ndugu yake ni consent.

Ila penye kazi ni hapa: kama mlipiga kura na wale wa mitumbwi ya dagaa wakapinga mpaka kikao kinaisha, hiyo si consensus hata kama mlikuwa wengi, andika "the majority agreed" na utaje kabisa kwamba wa dagaa walikataa na kwa nini, maana ripoti ikifika halmashauri wao hawatakuwepo kujitetea. Kama kila mmoja alikubali, bila hata mmoja kukataa, basi unaweza kutumia hata "unanimous".