"Niga wangu": nani ana ruhusa?

SWALI: Mwanangu yuko sekondari hapa Jinja. Yeye na wenzake weusi huitana "niga wangu" kutwa nzima. Juzi uwanjani rafiki yao Mhindi, mtoto wa hapahapa aliyekua nao, akamwita hivyohivyo. Nusura wapigane. Je, huyo Mhindi haruhusiwi? Na mwanangu alipewa ruhusa na nani? (Mzazi, Jinja)

JIBU: Mzazi mwenzangu, nianze na matamshi, ndiyo kazi yangu. Weusi wengi wa Marekani wanaolitumia neno hili la Kiingereza, tusi la kale kwa mtu mweusi, wao kwa wao hulitofautisha kwa mwisho wake: lenye r ni la bwana mwenye watumwa, lenye a ni la jamaa. Sasa tazama Kiswahili kinavyozifanya hizo r za mwishoni: dereva, meneja, sweta, rula. Zote zimemezwa, imebaki a. Kinywani mwetu tusi la mjeledi na salamu ya marafiki hutoka sare. Mgeni kutoka Chicago akilisikia kwenye steji ya boda, atajuaje umekusudia lipi?

Huko kwenyewe hawajaafikiana. Mwaka 2007 NAACP, chama cha kutetea haki za weusi wa Marekani, kililifanyia neno hilo mazishi mjini Detroit, na jeneza juu. Bado linatembea.

Vijana wetu hawakulikomboa, yaani si wao waliolitoa kwenye tusi wakalifanya lao. Waliliokota kwenye muziki, likiwa limekwisha kukombolewa na wengine. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa hiyo mwanao hawezi kujitangaza mwenye mali kwa sababu ya rangi tu.

Letu tunalo: boi. Enzi za ukoloni mtu mzima mwenye wajukuu, akipika na kufua kwa Mzungu au kwa Mhindi, aliitwa boi. Leo vijana wa Kampala huitana "boyi" kwa mapenzi, na hakuna anayekunja uso. Lakini hebu tajiri mwenye duka amwambie mpagazi mwenye mvi, "Boi, beba!" Utaona mzee anavyolitua gunia.

Jambo hili Kiswahili kina jina lake, nalo ni utani. Bibi humwita mjukuu "mume wangu" na nyumba nzima ikacheka. Jirani akisema hivyo, ni kesi. Mashabiki wa Simba na Yanga hurushiana maneno makali wiki nzima kwa kuwa kila upande unajua zamu yake inakuja. Anayetania tu bila kutaniwa si mtani.

Basi muulize mwanao: wao humwitaje yule Mhindi? Wakimwambia "rudi kwenu" kwa mzaha, yaani maneno yanayowarudisha watu wake mwaka 1972, Amin alipowapa siku 90 waondoke, yeye hucheka na kujibu, au hutazama chini? Kama hutazama chini, hapakuwa na utani pale tangu mwanzo, na mwanao hana uso wa kukasirika. Kama hujibu, basi wamezoeana. Hata hivyo, neno hili wala si la mwanao kumgawia mtu, na mimi ningewashauri wote wawili wabaki na "boyi".

Najua kuna atakayeuliza wingi wake. Nawasikia wakisema "maniga zangu", kwa ma- ileile ya madereva. Sarufi yao haina kosa.