Gesi iko njiani au ni ya kwasari yenyewe?

Umeuliza tunajuaje kwamba gesi iliyofyonza mwanga wa kwasari, yaani kiini king'avu mno cha galaksi ya mbali, iko njiani kati yake nasi. Tazama mistari ya giza, pale mwanga ulipofyonzwa, imekaa wapi kwenye spektra, yaani mwanga uliotandazwa kwa urefu wa mawimbi. Haidrojeni hufyonza urujuanimno wa nanomita 121.6. Ulimwengu unatanuka, hivyo mawimbi ya mwanga hurefuka safarini: kwasari yenye mhamo mwekundu (kipimo cha kurefuka huko) wa 3, yaani mawimbi yamekuwa marefu mara nne, mng'ao wake wa haidrojeni hutufikia kwenye nanomita 486 hivi. Wingu lililo karibu nasi zaidi, tuseme mhamo wa 2.5, litaacha mstari wake kwenye 426. Kila wingu na mahali pake, ndiyo maana upande wa buluu wa mng'ao huo umesongamana mistari kama kichaka.

Mimi huanza na upande mwekundu, kumetulia. Huko magnesiamu iliyopoteza elektroni moja huacha mistari pacha, nanomita 279.6 na 280.3 kabla ya kurefuka, na uwiano wake haubadiliki hata mwanga ukirefuka vipi. Ukiona pacha hao, mhamo wa wingu umeupata.

Ila mstari wenye mhamo karibu sawa na wa kwasari usiuamini haraka, huenda ni gesi yake. Na ile mipana mno kwa kawaida ni upepo unaotoka kwenye kwasari kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde.