Jibu: Pa kukimbia Chake Chake
Waalaykum salaam ndugu. Umeuliza ukimbie wapi mazoezi hapo Chake Chake, Pemba, bila kuyaua magoti kwa vilima. Elekea mashariki, njia ya kwenda kijiji cha Vitongoji. Magharibi ya Pemba ndiko kwenye vilima na mabonde ya mpunga. Ukikaribia pwani ya mashariki ardhi inatulia. Toka baada ya sala ya Alfajiri, kabla daladala hazijachachamaa. Ukitaka kilima, kipo mlangoni kwako: panda kwa hatua fupi, na kushuka usijiachie, maana huko ndiko magoti yanakoumia. Masika, Machi hadi Mei, achana na vinjia vya udongo, vinateleza mno. Baki kwenye lami. Msimu wa karafuu, ukizikuta zimeanikwa kando ya barabara, zipishe. Wenyewe hawataki mchezo!